Jinsi ya kuongeza furaha maishani: acha kukisia, anza kujipima

Muulize mtu yeyote ni kitu gani kitamfanya awe na furaha, hakosi jibu, tena anakujibu haraka, nikipata ile kazi, nikimaliza nyumba, nikipata mtu wa kunipenda, nikipungua mwili, nikihama hapa. Na anaamini kabisa anachosema. Mimi haya mambo ya saikolojia ya furaha nimeyasoma kwa muda sasa na kilichonigusa kuliko vyote ni hiki, kwamba sisi binadamu tunajua vizuri sana tunachokitaka ila hatujui vizuri kitakachotufurahisha, na hivyo ni vitu viwili tofauti, mtu anaweza kukimbiza cha kwanza miaka na miaka huku moyoni anadhani anakimbiza cha pili.

Na hii imepimwa. Mwaka 1998 mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake, akiwemo Timothy Wilson, walichapisha utafiti waliofanya kwa wahadhiri wa chuo kikuu huko Marekani, wale ambao bado wanasubiri kuamuliwa kama watapewa ajira ya kudumu au watafute kwingine. Wakaulizwa, ukipata utakuwa na furaha kiasi gani miaka inayofuata, na ukikosa je? Wakatabiri tofauti kubwa. Alafu watafiti wakaenda kwa wale ambao maamuzi yao yalishatoka miaka ya nyuma, waliopata na waliokosa, wakawapima, wakakuta furaha yao inakaribiana. Yaani kile kitu ambacho watu wanakosa usingizi kwa ajili yake, kikishapita, kinaacha alama ndogo kuliko walivyodhani.

Kwanini tunakosea hivi? Moja, ukiliwaza jambo kubwa linalokuja unaliona lenyewe tu, unasahau kwamba siku hiyo hiyo utakuwa bado na mgongo wako unaouma, na majirani wale wale, na vyombo vya kuosha, na usingizi wa kukatika katika. Mbili, tunasahau kuwa moyo una namna yake ya kujitibu, ukipigwa unatafuta maana, unatafuta watu, taratibu unasimama. Tatu, na hii ndo kubwa, ni mazoea. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, na tatizo ni kwamba upya haukai. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu za pesa nyingi wakawalinganisha na watu wa kawaida wa maeneo yale yale, washindi hawakuwa wamewazidi sana wenzao kwa furaha, na vile vitu vidogo vya kila siku kama kupiga stori na rafiki au kusikia kichekesho vilikuwa vinawapa raha kidogo kuliko wenzao.

Sasa hapa naomba tuwe makini maana huu utafiti watu wanautumia vibaya, wanasema basi mtu anazoea kila kitu, maskini ataizoea shida yake, mgonjwa atauzoea ugonjwa. Hapana. Ule ulikuwa utafiti mdogo, na tafiti za baadae zilizofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi zimeonyesha kuna vitu havizoeleki vizuri. Kukosa ajira kunaacha kovu hata baada ya kupata kazi nyingine, ulemavu mzito unashusha furaha kwa muda mrefu, na kelele zisizoisha na safari ndefu za kwenda kazini kila siku nazo hazizoeleki kirahisi. Na washindi wa bahati nasibu wa Sweden waliofuatiliwa zaidi ya miaka kumi walionekana kuridhika zaidi na maisha yao. Kwahiyo mazoea yapo lakini yanachagua, na kazi yako wewe ni kujua kwako yanachagua nini, na hilo hakuna mtu wa kukuambia, inabidi ujipime.

Daftari kwanza

Chukua daftari la kawaida, au sehemu ya kuandikia kwenye simu, chora safu nne. Ya kwanza unaandika unachotaka kufanya. Ya pili, kabla hujafanya, unaandika unategemea kitakupa raha kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 10. Ya tatu, ukishamaliza, unaandika ulichopata kweli. Ya nne unaandika ulikuwa na nani, au peke yako. Basi. Fanya hivyo kwa vitu vitatu vinne kwa siku, wiki mbili hivi, na uchanganye, vitu unavyovipenda, vitu unavyovikwepa, na vile unavyovifanya bila kufikiria kama kuperuzi mtandaoni ukiwa kitandani.

Kama una nafasi ongeza safu moja zaidi, maksi za kujisikia umefanya kitu, maana raha na kuridhika haviendi pamoja kila wakati. Kupanga kabati lililokuwa limevurugika kunaweza kukupa raha 3 lakini ukajisikia 8 kwamba leo umefanya kitu, na binadamu anahitaji vyote viwili. Hii mbinu imetoka kwenye tiba, Aaron Beck na wenzake kwenye miaka ya 70 walikuwa wanawaambia wagonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, waandike shughuli zao na kuzipa maksi za raha na za kuweza, kwasababu mgonjwa anaamini hakuna chochote kitakachomfurahisha, na njia pekee ya kuubishia huo mtazamo ni yeye mwenyewe kufanya na kuona namba aliyoiandika kwa mkono wake.

Andika pale pale unapomaliza, usisubiri usiku. Kumbukumbu inadanganya, na kuna jaribio la mwaka 1993 la Daniel Kahneman na wenzake linaloonyesha hili vizuri mno. Watu waliingiza mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, wakatoa. Mara nyingine wakaingiza sekunde 60 zile zile za nyuzi 14 alafu wakaongezewa sekunde 30 ambazo maji yalikuwa yanapashwa kidogo kidogo mpaka nyuzi 15, bado yanauma ila kidogo. Walipoulizwa wangependa kurudia ipi, wengi wakachagua ile ndefu! Maumivu mengi zaidi, ila mwisho wake ulikuwa afadhali, na akili inakumbuka kilele na mwisho, haikumbuki urefu. Ndo maana siku nzima nzuri inaharibika kwenye kumbukumbu kwa ugomvi wa dakika kumi za mwisho. Kuna cha kufanya na hili, malizia vizuri. Ukikaa na watu, agana nao vizuri usiondoke kimya kimya. Ukimaliza kazi ngumu, malizia na kipande chepesi. Na usiku kile kitu cha mwisho kabla ya kulala kiwe kitu cha kukutuliza, maana ndicho utakachobaki nacho.

Ukishapata wiki mbili za namba kaa chini uzisome. Tafuta sehemu ambazo safu ya pili na ya tatu zimeachana sana. Mara nyingi utakuta vitu vya kukaa na kupokea tu, video moja baada ya nyingine, kupitia maisha ya watu mtandaoni, ulivipa 7 vikaleta 4, na vitu vya kunyanyuka, kutoka nje, kumtembelea mtu, kufanya kazi ya mikono, ulivipa 3 ukijivuta kabisa, vikaleta 7. Lakini usinisikilize mimi, soma namba zako. Wapo ambao kukaa peke yao kimya na kitabu ni 9 kila siku na sherehe ni 2 kila mara, na hakuna sheria inayosema lazima upende sherehe.

Kutoka hapo unafanya mabadiliko madogo madogo. Kitu kilichokuangusha mara nyingi punguza, usikifute kwa hasira, punguza tu. Kitu kilichokushangaza kwa uzuri kipe siku na saa maalum. Hapo kwenye siku na saa ndo wengi wanafeli, wanasema "nitakuwa natembea zaidi", na hiyo haina mguu wala mkono. Peter Gollwitzer alishaonyesha kwenye kazi zake za miaka ya 90 kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nafanya hivi" anatekeleza zaidi kuliko mwenye nia nzuri tupu. Kwahiyo andika, nikishavua viatu jioni kabla sijakaa nampigia dada. Inaonekana ya kitoto ila inasaidia kwasababu huhitaji kuamua tena, muda ukifika unajikuta umeshaanza.

Watu

Ingekuwa lazima nichague kitu kimoja tu cha kumwambia mtu kuhusu furaha ningemwambia hiki, rudi kwa watu wako, na nitakaa hapa kidogo maana ndo penye uzito.

Tangu mwaka 1938 Chuo Kikuu cha Harvard kinafuatilia maisha ya wanaume 724, 268 walikuwa wanafunzi wa chuo hicho hicho na 456 vijana wa mitaa ya watu wa hali ya chini mjini Boston. Wamepimwa damu, wamehojiwa, wake zao na watoto wao wameingizwa, na utafiti bado unaendelea, sasa unaongozwa na Robert Waldinger. Kati ya yote yaliyotoka humo, lililojirudia kwa nguvu ni kwamba uhusiano mzuri na watu unamfanya mtu awe na furaha zaidi na afya zaidi, walioridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndo waliokuwa na afya nzuri zaidi wakiwa na miaka 80. Sio wingi wa marafiki, ni ubora. Mtu mwenye wawili ambao akipiga simu saa nane usiku watapokea yuko pazuri.

Sasa utasema hilo kila mtu analijua. Kulijua tunalijua, ila tukifika mahali pa kufanya kichwa kinatupa makadirio ya uongo, "nitamsumbua", "atashangaa", "tumekaa muda mrefu sana sahivi itakuwa ajabu". Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walikwenda kwa wasafiri wa treni na mabasi eneo la Chicago, wengine wakaombwa waanzishe maongezi na abiria wasiyemjua, wengine wakae kimya, wengine wafanye kama kawaida yao. Walioongea ndo waliofurahia safari kuliko wote. Lakini wasafiri wengine walipoulizwa wakisie tu, walisema kinyume chake, kwamba kukaa kimya ndo kungependeza na kuongea na mgeni ndo kungekuwa kubaya zaidi. Fikiria behewa zima la watu ambao kila mmoja angefurahi kuongea na kila mmoja anaamini mwenzake hataki.

Na kwa watu tunaowajua ni vile vile. Mwaka 2018 Amit Kumar na Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani kwa mtu aliyewahi kuwasaidia, waandishi walihofia mpokeaji ataona ajabu na walikadiria chini sana furaha atakayoipata, wapokeaji walipoulizwa walisema wamefurahi mno wala hawakuona ajabu kama ilivyodhaniwa. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake wakakuta hivyo hivyo kwa kumtafuta mtu mliyepotezana, yule anayetafutwa anathamini kuliko anayetafuta anavyodhani, tena zaidi akiwa hakutegemea.

Kwahiyo fanya hivi leo hii. Fungua simu, nenda kwenye meseji, shuka chini, chini kabisa, kule kwa watu ambao mliacha kuongea bila ugomvi wowote, maisha tu yaliwatenganisha. Chagua mmoja. Usimwandikie "mambo" peke yake maana itaishia "poa" na mtarudi kwenye ukimya, mwandikie kitu chenye mwili, "Nimekukumbuka leo, nimekumbuka ulivyonisubiri nje siku ile ya usaili, sikuwahi kukushukuru vizuri, unaendeleaje?" Tuma bila kuisoma mara tano. Akijibu, uliza swali la pili. Akiwa yuko karibu, pangeni siku, na anayependekeza siku awe wewe.

Kwa wale wa nyumbani kwako, mwenza, watoto, wazazi, dawa ni umakini. Simu iwe chumba kingine wakati mnaongea, na mtu akikuletea habari nzuri usimjibu "hongera" ukaendelea na mambo yako. Mwanasaikolojia Shelly Gable amechunguza sana hapa, namna unavyopokea habari njema za mwenzio inajenga uhusiano kuliko watu wanavyodhani, muulize ilikuwaje, alisema nini, ulijisikiaje, mwache aisimulie yote mpaka aishiwe. Mimi naona hili ni jambo rahisi kuliko yote kwenye ukurasa huu na ndilo linalosahaulika zaidi, kwasababu wote tunajua kukimbilia kwenye msiba ila furaha ya mtu tunaipita.

Na kutoa. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn na wenzake huko Kanada waliwapa watu asubuhi bahasha yenye dola 5 au dola 20, nusu wakaambiwa wazitumie kwa ajili yao wenyewe, nusu wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, mwisho saa kumi na moja jioni. Jioni wale waliozitumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na haijalishi walikuwa na 5 au 20. Bila shaka watu walioulizwa wakisie walikisia kinyume. Sonja Lyubomirsky aliona pia kwamba watu waliofanya wema mara tano ndani ya siku moja ya wiki walipanda furaha, waliozitawanya zile tano wiki nzima hawakupanda, labda kwasababu zikitawanyika zinamezwa na shughuli na huzioni. Kwahiyo jiwekee siku yako.

Shukrani, ila kwa kipimo

Kila mtu ameshaambiwa aandike anachoshukuru. Inafanya kazi, Robert Emmons na Michael McCullough waliionyesha mwaka 2003 na wengine wakafuata, lakini kuna namna ya kuifanya ikafa mikononi mwako. Ukiandika kila siku familia, afya, uhai, familia, afya, uhai, ndani ya muda mfupi unaandika kwa mkono tu, moyo haupo. Mazoea tena. Lyubomirsky na wenzake walikuta walioandika mara moja kwa wiki walifaidika, walioandika mara tatu hawakufaidika.

Andika mara moja kwa wiki, vitu vichache, na viwe na sura, sio "namshukuru Mungu kwa marafiki", andika "alinisubiri mpaka nikafunga mlango ndo akaondoka". Au tumia zoezi la Martin Seligman na wenzake la mwaka 2005, kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyoenda vizuri na kwanini yalienda vizuri. Lile "kwanini" usiliruke, ndo linalokuonyesha kwamba mazuri yana chanzo, na mara nyingi chanzo ni mtu au ni wewe mwenyewe. Faida ilionekana mpaka miezi sita baadae, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao. Kumpelekea mtu barua ya shukrani na kumsomea ana kwa ana kulipandisha furaha juu zaidi ya mazoezi yote, ila baada ya mwezi hivi ikaanza kupotea, kwahiyo ni kitu cha kurudia mara moja moja.

Kuna zoezi jingine nalipenda sana, badala ya kuhesabu ulichonacho, jiulize ingekuwaje kama kisingetokea. Kama usingekutana na huyo mtu. Kama siku ile usingeingia kwenye lile darasa. Dakika chache tu, alafu rudi kwenye maisha yako uone yanavyong'aa.

Pesa, simu, mwili

Pesa inahusika, anayesema haihusiki huyo hajawahi kukosa kodi. Mwaka 2010 Kahneman na Angus Deaton waliona kwa Wamarekani kwamba furaha ya kila siku inapanda na kipato mpaka kwenye dola 75,000 kwa mwaka alafu inasimama, mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaona inaendelea kupanda, na mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth wakakaa meza moja wakisimamiwa na Barbara Mellers wakakubaliana kwamba kwa wengi inaendelea kupanda, ila kwa wale wachache wenye huzuni nyingi inafika mahali nyongeza ya pesa haiwasaidii tena. Ila kumbuka kupanda kwenyewe kunategemea kipato kimeongezeka mara ngapi, kiasi kile kile kinamnyanyua mwenye kidogo na mwenye nyingi hakisikii. Kwa hiyo kama una kidogo, kutafuta pesa ni sehemu halali ya kutafuta furaha, usione aibu. Ukishapata ya ziada, itumie kwenye mambo utakayoyaishi pamoja na watu kuliko vitu vya kuweka ndani, na kama inawezekana inunulie muda, kukaa karibu na kazi kwa mfano.

Simu, fanya jaribio. Mwaka 2018 watafiti waliwalipa watu Marekani wazime akaunti zao za Facebook kwa wiki nne, walipata kama saa nzima ya ziada kila siku na furaha yao ikapanda, kidogo, sio sana. Kidogo ila ya kweli. Zima moja, wiki moja, uone namba zako.

Mwili ni mfupi kuuelezea, kulala na kutembea. James Blumenthal na wenzake mwaka 1999 walichukua watu 156 wenye sonona wenye umri wa miaka 50 kwenda juu, baada ya wiki 16 waliofanya mazoezi walikuwa wamepona kwa kiwango kinachokaribiana na waliokunywa dawa, ingawa dawa ilianza kufanya kazi mapema. Kama unatumia dawa usiache kwasababu ya sentensi hiyo, ongea na daktari wako kwanza.

Akili isiyokaa nyumbani

Killingsworth na Gilbert mwaka 2010 walitengeneza programu ya simu inayomshtua mtu muda wowote na kumuuliza, unafanya nini, unajisikiaje, unawaza unachokifanya au kingine? Watu 2,250 walijibu. Asilimia 46.9 ya muda walikuwa wanawaza kitu kingine tofauti na walichokuwa wanafanya, karibu nusu ya maisha, na walipokuwa hawapo hapo walikuwa na furaha kidogo, hata kama kazi waliyokuwa wanaifanya haipendezi. Wakiwaza kitu kizuri hawakuwazidi waliokuwepo, wakiwaza kibaya walishuka.

Usijaribu kuilazimisha akili itulie siku nzima, haitakubali. Chagua shughuli moja ya kila siku, kuoga, kutembea mpaka unapopandia gari, na humo uwepo kwa makusudi, sikia maji, sikia miguu. Akili ikiondoka irudishe bila kujigombeza, na kurudisha ndo zoezi lenyewe. Njia nyingine ni kupata kazi inayokumeza, ile ambayo Mihaly Csikszentmihalyi aliitafiti maisha yake yote, kazi yenye ugumu unaolingana na uwezo wako, sio rahisi ya kuchosha na sio ngumu ya kutisha, kushona, kupiga chombo cha muziki, kutatua hesabu, kurekebisha injini. Ukitoka humo unashangaa saa imekwenda.

Usiichunguze kila dakika

Najua nimekuambia ujipime, sasa nakuambia usijipime sana, na vyote viwili ni kweli. Iris Mauss na wenzake mwaka 2011 walikuta watu wanaoithamini furaha kupita kiasi wanaweza kuipata kidogo, wanakuwa kwenye jambo zuri huku ndani wanajiuliza mbona sijafurahi vya kutosha, na hilo swali lenyewe linaila raha. Ndo maana nimesema wiki mbili. Ukishajua kinachokusaidia funga hesabu, ishi, fungua tena baada ya miezi kadhaa mambo yakibadilika.

Na usijilazimishe maneno usiyoyaamini. Joanne Wood na wenzake mwaka 2009 waliwafanya watu wajirudierudie kwamba wanapendeka, wale wenye kujidharau tangu mwanzo walijisikia vibaya zaidi baada ya hapo, kwasababu kila wakisema ndani yao kulikuwa na sauti inabisha. Kama hujisikii vizuri sema hujisikii vizuri. Huzuni, hasira, wivu, woga, vina kazi yake, huzuni inakuambia ulipoteza kitu cha thamani, na ukikaa nayo badala ya kuifukuza inapita mapema. James Pennebaker tangu miaka ya 80 amekuwa akiwaambia watu waandike kuhusu jambo linalowasumbua, dakika 15 hadi 20, siku tatu nne mfululizo, bila kujali herufi wala mpangilio, wakati wa kuandika wanaumia, ila wiki zinazofuata wengi wanakuwa afadhali. Ukimaliza unaweza kuchana, halina haja ya kusomwa na mtu.

Ikiwa hakuna kinachofanya kazi

Haya yote niliyoandika yanamsaidia mtu ambaye moyo wake bado unapokea. Kuna hali ambayo haupokei. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, una huzuni au umepoteza hamu na vitu vyote ulivyokuwa unavipenda, usingizi umevurugika, hamu ya kula imebadilika, mwili mzito, unajiona mzigo, huo unaweza kuwa ugonjwa, unaitwa sonona, una tiba, na hautokani na uvivu wala imani ndogo. Nenda hospitali ukamwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno yako, ilianza lini, unalala saa ngapi, umeacha kufanya nini. Kama umeanza kufikiria kufa au kujidhuru, usisubiri wiki mbili ziishe, mwambie mtu leo na utafute msaada leo.

Na kama sio wewe ila ni mtu wako, umeona amejitenga, hajibu, anasema amechoka tu, usimpe orodha ya mazoezi ya furaha, hana nguvu nayo na utamwongezea kujilaumu. Muulize moja kwa moja, hata kuhusu kutaka kufa, kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msikilize bila kumkatisha na bila kumwambia kuna wenye shida kuliko zake. Alafu badala ya "ukihitaji chochote niambie", ambayo inamwachia yeye kazi yote, mwambie kesho asubuhi nakuja, tunaenda wote kwa daktari, mimi nitakaa nje nikusubiri.